Wingi na Jinsi ya Nomino za Kiingereza katika Shule za Msingi za Arusha na Eneo la Mlima Meru: Uhakiki wa Mbinu ya Orodha za Jozi

Ikisiri

Makala hii inahakiki mbinu iliyozoeleka ya kufundishia wingi na jinsi ya nomino za Kiingereza katika shule za msingi, yaani mbinu ya orodha za jozi za maneno ambazo mwanafunzi huzinakili na kuzikariri. Eneo linalozingatiwa ni Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, ambako watoto wengi huingia darasani wakiwa na Kiswahili pamoja na Kiarusha au Kimeru. Kwa kutumia uchanganuzi linganishi na uchanganuzi makosa, makala inaonesha kwamba orodha hizo hukazia maneno adimu na kupita haraka juu ya kiambishi -s na viwakilishi "he", "she" na "it", ambavyo ndivyo vinavyobeba sarufi yenyewe. Inahitimishwa kwamba jozi za jinsi ni suala la msamiati, si la sarufi, na kwamba mfumo wa ngeli anaokuja nao mtoto ni mtaji wa kufundishia.

1.0 Utangulizi

Arusha ni miongoni mwa miji ya Tanzania ambamo Kiingereza husikika sana nje ya darasa. Jiji hilo ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hadi mwaka 2015 lilikuwa pia makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Aidha, ni kituo kikuu cha utalii wa mbuga za kaskazini. Hata hivyo, mtoto anayesoma katika shule ya msingi ya umma huko Ngaramtoni, Usa River au Nkoaranga hukutana na Kiingereza kama somo moja kati ya mengi, kwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule hizo ni Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza, lugha hiyo aliyoisoma kwa vipindi vichache hugeuka kuwa lugha ya masomo karibu yote. Kwa hiyo, kile anachofundishwa kuhusu nomino za Kiingereza katika shule ya msingi kina uzito kuliko kinavyoonekana: ndicho atakachokitegemea kusoma swali la biolojia au la jiografia miaka michache baadaye.

Katika vitabu vya sarufi ya Kiingereza kwa wanafunzi wadogo, wingi na jinsi hupewa muundo mmoja. Ukurasa hugawanywa katika safu mbili. Katika somo la wingi, safu ya kushoto ina umoja na ya kulia ina wingi. Katika somo la jinsi, safu ya kushoto ina neno la kiume na ya kulia lina neno la kike. Mwanafunzi hunakili, hukariri, kisha huulizwa kujaza safu iliyoachwa wazi. Kielelezo kinachojulikana zaidi cha muundo huo ni First Aid in English cha Angus Maciver, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza huko Glasgow, Scotland, mwaka 1938. Kitabu hicho kimepita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, hususani katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Thamani yake kama hazina ya msamiati haipingiki. Suala linalohojiwa hapa ni tofauti: je, orodha iliyoandaliwa katika mazingira ya mtoto wa Scotland, ambaye sarufi ya Kiingereza anayo tayari kabla hajafungua kitabu, inaweza kumpa sarufi hiyo mtoto wa Meru ambaye hana?

Makala hii ni uhakiki wa kimaktaba. Mifano ya sentensi iliyomo imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi, na haiwakilishi takwimu za uwandani.

2.0 Lugha Anazokuja Nazo Mtoto

Mteremko wa Mlima Meru ni mahali ambapo familia kuu za lugha za Afrika hukutana katika eneo dogo. Upande wa magharibi na kuzunguka jiji wanaishi Waarusha, ambao lugha yao ni lahaja ya Kimaa, lugha ya Kiniloti wanayoizungumza pia Wamaasai. Upande wa mashariki, kuanzia maeneo ya Tengeru, Akheri na Poli, wanaishi Wameru, ambao Kimeru chao ni lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga cha Machame na isiyopaswa kuchanganywa na Kimeru cha Kenya. Jijini kuna pia familia za Wairaqw waliotoka Karatu na Mbulu, wazungumzaji wa lugha ya Kikushi, na watu wa makabila mengine mengi. Kiswahili huwaunganisha wote, na kwa watoto wengi wa mjini ndicho lugha ya kwanza.

Lugha hizo zina mifumo tofauti ya wingi na ya makundi ya nomino. Kiswahili na Kimeru hupanga nomino katika ngeli, na wingi huoneshwa kwa kiambishi awali: "kitabu" na "vitabu", "mti" na "miti". Kimaa hupanga nomino katika jinsi ya kiume na ya kike. Kama walivyobainisha Tucker na Mpaayei (1955), nomino ya kiume huanza na ol- na ya kike huanza na en-. Katika wingi viambishi hivyo huwa il- na in-. Pamoja na mabadiliko hayo ya mwanzo, mwisho wa nomino nao hubadilika kwa njia ambazo aghalabu hazitabiriki. Ng'ombe jike mmoja ni "enkiteng'", lakini ng'ombe wengi ni "inkishu". Kijana wa rika la ulinzi ni "olmurrani", na vijana hao ni "ilmurran", ambapo umoja ndio wenye silabi ya ziada.

Kwa muktadha huo, mtoto wa Mlima Meru si mgeni wa dhana ya wingi wala ya jinsi. Mtoto wa Kiarusha, kabla ya kufikisha umri wa kwenda shule, amekwisha kumudu wingi usio na kanuni kuliko wowote atakaoukuta katika Kiingereza. Jozi kama "foot" na "feet" si jambo la kumshangaza aliyezoea "enkiteng'" na "inkishu". Ugumu wake uko kwingine, na ni jukumu la mbinu ya kufundishia kubaini uko wapi.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mikabala miwili inayokamilishana. Wa kwanza ni uchanganuzi linganishi ulioasisiwa na Lado (1957), unaodai kwamba ugumu wa lugha ya pili unaweza kukadiriwa kwa kuilinganisha na lugha ya kwanza. Wa pili ni uchanganuzi makosa wa Corder (1967), unaoyatazama makosa ya mwanafunzi kama ushahidi wa mfumo anaoujenga. Corder alitofautisha kosa la mfumo na kuteleza kwa bahati mbaya, na Selinker (1972) aliuita mfumo huo wa mpito lugha-kati. Mkabala wa Lado pekee hautoshi, kwa kuwa baadhi ya makosa ya wajifunzaji hufanywa pia na watoto wa Kiingereza wenyewe. Kwa hiyo kila kosa linapaswa kuulizwa maswali mawili: limetoka wapi, na linaonesha mwanafunzi amefika wapi?

4.0 Wingi: Uzito Uliowekwa Mahali Pasipo na Mzigo

4.1 Kiambishi -s na masikio ya mtoto

Sehemu kubwa ya orodha za wingi huchukuliwa na maneno yasiyofuata kanuni: "oxen", "geese", "mice", "wolves". Kanuni yenyewe, yaani kuongeza -s, hupewa mstari mmoja au miwili kana kwamba haihitaji maelezo. Kwa mtoto wa Glasgow haihitaji. Kwa mtoto wa Arusha, hapo ndipo penye kazi.

Sababu ya kwanza ni ya kifonolojia. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, na maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Kiswahili yamelazimika kutii kanuni hiyo: basi, kilabu, benki. Konsonanti -s baada ya konsonanti nyingine mwishoni mwa neno, kama katika "books" au "desks", ni mfuatano ambao sikio la mtoto halijazoea kuutafuta. Isitoshe, baadhi ya maneno yaliingia Kiswahili yakiwa na -s ya wingi ndani yake, nayo ikamezwa na shina. Mtoto husema "soksi moja" na "soksi mbili", na hula "chipsi" bila kujua kwamba sauti hiyo ilikuwa na kazi huko ilikotoka. Kwake, s ni sehemu ya neno, si alama ya idadi.

Sababu ya pili ni mahali pa alama. Katika Kiswahili wingi hutangazwa mwanzoni na kurudiwa katika tungo nzima: "Vitabu vyangu vitatu vimepotea." Alama imejitokeza mara nne. Katika "My three books are lost", kivumishi hakibadiliki, namba haibadiliki, na nomino hubeba alama yake ndogo mwishoni. Msikilizaji aliyezoea kupokea taarifa ya wingi mara nne kwa uwazi anaweza kuikosa kabisa inapotolewa kwa mnong'ono.

4.2 "Kalamu tatu" na "three pen"

Sentensi kama "I have three pen" mara nyingi husahihishwa kwa kalamu nyekundu kama uzembe. Uchanganuzi wa Kiswahili unaonesha kwamba si uzembe. Ngeli ya I-ZI, ambayo ina maneno mengi ya maisha ya kila siku, haibadilishi umbo la nomino katika wingi: kalamu moja, kalamu tatu, nyumba moja, nyumba tatu, ndizi moja, ndizi kumi. Idadi hujulikana kwa namba au kwa upatanisho wa maneno mengine, kama "nyumba yangu" na "nyumba zangu". Mtoto anayeandika "three pen" ametumia kanuni halali ya lugha yake: namba imekwisha kusema, nomino haina sababu ya kurudia. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba Kiingereza hudai nomino iseme tena hata kama namba imekwisha kusema. Orodha ya safu mbili haiwezi kumwambia hivyo, kwa sababu ndani ya orodha hakuna namba wala sentensi.

4.3 Makosa mawili yanayoelekea pande tofauti

Udhaifu mkubwa zaidi wa mbinu ya orodha hudhihirika katika usahihishaji. Mwanafunzi mmoja anaandika "two foots", na mwingine anaandika "two book". Kwa mujibu wa orodha wote wamekosa, na wote wanapata sifuri. Kwa mtazamo wa Corder, wanafunzi hao wako mbali sana mmoja na mwenzake. Wa kwanza ana kanuni, na ameitumia kwa nguvu hadi mahali ambapo Kiingereza huikataa. Watoto wa Kiingereza hupita hatua hiyo hiyo. Wa pili bado hana kanuni. Wa kwanza anahitaji muda na usomaji tu, ilhali wa pili anahitaji kufundishwa. Alama inayowaweka kapu moja inamnyima mwalimu taarifa aliyoihitaji zaidi.

Njia ya kupima kanuni badala ya kumbukumbu imejulikana tangu Berko (1958). Mtafiti huyo aliwaonesha watoto wa Marekani picha za viumbe vya kubuni, akawapa jina la kubuni la kiumbe kimoja, "wug", kisha akawataka wataje viwili. Watoto wengi waliongeza -z kwa neno ambalo hawakuwa wamelisikia maishani, jambo linalothibitisha kwamba walikuwa na kanuni na si orodha. Hata hivyo, watoto hao hao walikwama kwa maneno ya kubuni yanayoishia kwa sauti kama s, ingawa walijua kusema "glasses". Jambo hilo linamhusu mwalimu wa Arusha moja kwa moja: maumbo matatu ya kiambishi hiki, yanayosikika katika "cats", "dogs" na "buses", hayana ugumu ulio sawa, na hayafai kupitwa kwa pamoja.

Ushahidi kwamba watoto wa Kiswahili wana uwezo huo huo wa kutumia kanuni kwa neno jipya uko barabarani. Mizunguko ya barabara, ukiwamo wa Mnara wa Saa katikati ya jiji, huitwa "kiplefti", na ikiwa mingi huitwa "viplefti". Maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye kibao kuwaamuru madereva wapite kushoto yaligeuzwa kuwa nomino ya ngeli ya KI-VI kwa sababu tu yalianza na sauti ki-. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "kilabu" na "vilabu". Jamii inayoweza kufanya hivyo haikosi akili ya kanuni. Mwalimu anayeanza somo la wingi kwa "kiplefti" na "viplefti" atakuwa ameonesha kwa dakika mbili kwamba wingi ni kanuni inayotumika kwa neno lolote, na kwamba tofauti iliyopo ni kuwa Kiingereza huiweka nyuma.

4.4 Nomino zisizohesabika na vitu vya pande mbili

Maji, maziwa na mafuta yana umbo la wingi katika Kiswahili, na hupatanishwa kwa wingi: maji haya, maziwa mengi. Nywele na habari, zinapotajwa kwa jumla, huwa "nywele zake" na "habari hizi". Kwa upande mwingine, mkasi na suruali ni umoja. Kiingereza kinagawanya vitu hivyo kwa namna nyingine: "water", "milk", "hair" na "news" hupatanishwa kwa umoja, ilhali "scissors" na "trousers" hupatanishwa kwa wingi. Hapa ndipo penye chanzo cha tungo kama "the news are good" na "her hairs are long", ambazo huendelea kusikika hata kwa watu wazima waliosoma. Kundi hili lina nafasi ndogo katika orodha kwa sababu halina jozi: neno lisilo na safu ya pili haliwezi kuulizwa katika zoezi la kujaza safu. Mbinu imeamua maudhui.

4.5 Alama moja, kazi zinazopingana

Kiingereza kinatumia -s kwa wingi wa nomino na pia kwa umoja wa kitenzi cha nafsi ya tatu: "the cow eats", "the cows eat". Kwa mtoto ambaye katika lugha yake alama ya nomino hujirudia katika kitenzi, kama katika "vitabu vimeanguka", ni jambo la kutarajiwa kwamba ataandika "the cows eats". Ameweka alama ya wingi mahali pote pawili, kama Kiswahili kilivyomfundisha. Kosa hili haliwezi kurekebishwa ndani ya somo la nomino peke yake, na mbinu inayoitenga nomino na sentensi haitaliona kamwe.

5.0 Jinsi: Msamiati Uliopewa Jina la Sarufi

5.1 Jozi si jinsi

Katika isimu, jinsi ya kisarufi hutambuliwa kwa upatanisho. Hockett (1958), na baada yake Corbett (1991), wanaeleza kwamba jinsi ni makundi ya nomino yanayodhihirika katika tabia ya maneno yanayoambatana nazo. Kwa kigezo hicho, jozi "bull" na "cow" hazithibitishi kuwapo kwa jinsi katika Kiingereza. Kivumishi hakibadiliki na kibainishi hakibadiliki: "the big bull", "the big cow". Tofauti iko katika maana ya neno. Kama jozi za namna hiyo zingetosha, Kiswahili nacho kingehesabiwa kuwa lugha yenye jinsi ya kiume na ya kike, kwa kuwa kina fahali na mtamba, jogoo na mtetea, mfalme na malkia. Hakuna kitabu cha sarufi ya Kiswahili kinachofanya hivyo, na ni sahihi.

Mgawanyo wa jinsi ya kiume, ya kike, ya pamoja na isiyo na jinsi ni urithi wa sarufi ya Kilatini. Lindley Murray, ambaye sarufi yake ya mwaka 1795 ilienea sana mashuleni, alitambua jinsi tatu kwa Kiingereza, ingawa lugha hiyo ilikuwa imepoteza jinsi ya kisarufi ya nomino karne nyingi kabla yake. Kiingereza cha kale kilikuwa nayo kweli: neno "wif", lililomaanisha mwanamke, lilikuwa katika kundi la nomino zisizo za kiume wala za kike. Kilichobaki leo ni viwakilishi "he", "she" na "it" pamoja na maumbo yake ya umilikishi na ya shamirisho.

5.2 Jinsi anayoijua mtoto wa Kiarusha

Ni kinyume kwamba somo hili hufundishwa katika eneo ambako baadhi ya wanafunzi wanazungumza lugha yenye jinsi halisi bila mtu kulitaja jambo hilo. Katika Kimaa kila nomino ina jinsi, na kiashiria hubadilika kulingana nayo: "ele" kwa kiume, "ena" kwa kike. Mtoto ni "enkerai", kwa kiambishi cha kike, awe wa kiume au wa kike. Kisu ni "enkalem", na upanga ni "olalem". Hapa jinsi inaashiria ukubwa na udogo, kwa namna inayokumbusha "jisu" na "kijisu" vya Kiswahili. Jinsi hiyo ni mfumo wa lugha nzima, unaopita jinsia ya kimaumbile.

Hata hivyo, ujuzi huo haumpi mtoto wa Kiarusha nafuu ya moja kwa moja katika Kiingereza. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja katika Kimaa, "ninye", hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kama ambavyo "yeye" haitofautishi. Lugha mbili zenye asili tofauti kabisa zinakubaliana hapo, na zote mbili zinatofautiana na Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Kiarusha na jirani yake anayezungumza Kiswahili tu wanakutana na kikwazo kimoja.

5.3 Kikwazo chenyewe: "he", "she" na "it"

Sentensi "Neema alimwambia John kwamba amepoteza kitabu chake" ina utata. Haijulikani nani amepoteza wala kitabu ni cha nani, na msikilizaji hutegemea muktadha. Kiingereza kinaondoa utata huo kwa viwakilishi: "Neema told John that she had lost his book." Aliyepoteza ni Neema na mwenye kitabu ni John. Mwanafunzi asiyesoma tofauti ya "she" na "his" kwa haraka ataisoma sentensi hiyo kama Kiswahili chenye utata, na swali la ufahamu litakalofuata atalijibu kwa kubahatisha. Anaweza wakati huo huo kuwa amekariri kwamba jike la mbweha ni "vixen" na la kulungu ni "hind", maneno ambayo huenda asiyakute tena katika masomo yake yote ya sekondari. Huo ndio upotofu wa uzito ambao makala hii inauhoji.

Kuna tofauti nyingine isiyozungumzwa. Kiswahili huchora mstari kati ya viumbe hai na visivyo hai: ng'ombe anakula, kuku wanakula, kama mtu anavyokula, ingawa nomino hizo hazina umbo la ngeli ya M-WA. Kiingereza huchora mstari wake kati ya binadamu na visivyo binadamu, na mnyama kwa kawaida huwa "it". Mwanafunzi anayeandika kuhusu ng'ombe kwa "he", hata kama ng'ombe huyo anakamuliwa maziwa, anafuata mstari wa Kiswahili. Mwalimu anayeujua mstari huo anaweza kuutumia kama hatua ya kwanza: kwanza kutenga vyenye uhai na visivyo na uhai, jambo ambalo mtoto tayari analifanya bila kufikiri, kisha kutenga watu na wanyama, na mwisho kutenga mwanamume na mwanamke. Hatua tatu hizo zina sarufi ndani yake, tofauti na jozi mia moja zisizo na sentensi.

5.4 Majina ya kazi

Upande mwingine wa orodha za jinsi unagusa jamii. Jozi kama "author" na "authoress", "poet" na "poetess", au "manager" na "manageress" zinatoweka katika Kiingereza cha sasa, ambacho kinazidi kutumia neno moja kwa wote. Nyingine ni za kupotosha: "governess" si gavana wa kike bali mwalimu wa watoto wa nyumbani, na "mayoress" kwa desturi ya Uingereza ni mke wa meya. Jozi ya "wizard" na "witch" hubeba hukumu isiyo sawa kwa pande mbili, ilhali "mchawi" wa Kiswahili hana jinsia.

Mtoto wa Arusha huja darasani na majina yasiyo na ubaguzi huo: mwalimu, daktari, dereva, mbunge, rais. Ni raia wa nchi ambayo tangu mwaka 2021 inaongozwa na Rais Samia Suluhu Hassan, na cheo hicho hakikuhitaji kubadilishwa umbo. Katika eneo hili Kiingereza ndicho kinachosogea kuelekea mahali Kiswahili kilipo siku zote. Kumfundisha mtoto orodha ya zamani ni kumrudisha nyuma ya lugha yake na nyuma ya lugha anayojifunza kwa wakati mmoja.

6.0 Hoja za Kutetea Orodha

Mbinu ya orodha ina watetezi wenye hoja zinazostahili kusikilizwa. Hoja ya kwanza ni ya mazingira: darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache humlazimu mwalimu kutumia ubao, na orodha huandikwa na kusahihishwa kwa urahisi. Hoja hii ni ya kweli, lakini inatetea ubao, haitetei kilichoandikwa juu yake. Sentensi sita zenye "he", "she" na "it" huchukua nafasi ile ile.

Hoja ya pili ni kwamba mitihani huuliza jozi hizo. Maswali ya kuchagua jibu yanaafikiana na maarifa ya orodha, na mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kuwaandaa wanafunzi wake. Hoja hii inahamisha uhakiki kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mtungaji wa mtihani, na huko ndiko unakostahili kufika. Swali la kuchagua linaweza pia kuuliza nani amepoteza kitabu katika sentensi ya Neema na John.

Hoja ya tatu ni kwamba msamiati una thamani yake, hasa katika jamii ya wafugaji. Hoja hii ina nguvu zaidi. Mtoto wa Oldonyosambu ana sababu ya kutaka kujua "bull", "heifer" na "calf", kwa kuwa ni vitu vya nyumbani kwao. Makala hii haipendekezi maneno hayo yafutwe. Inapendekeza yafundishwe kwa jina lake halisi, yaani msamiati wa mifugo, pamoja na majina ya mifugo hiyo kwa Kiswahili na Kimaa, na yasichukue nafasi ya sarufi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki umebainisha kwamba mbinu ya orodha za jozi ina dosari moja inayozaa nyingine zote: inaitoa nomino katika sentensi. Ikishatolewa humo, wingi hugeuka kuwa kumbukumbu ya maumbo adimu, na jinsi hugeuka kuwa kumbukumbu ya majina ya wanyama na vyeo. Vipengele vinavyomzuia mtoto kuelewa andiko la kidato cha kwanza, yaani -s ya nomino, -s ya kitenzi, nomino zisizohesabika na viwakilishi vya nafsi ya tatu, hubaki pembeni kwa sababu haviingii katika safu mbili.

Kutokana na matokeo hayo, inapendekezwa kwamba wingi ufundishwe kuanzia kanuni, kwa kulinganishwa waziwazi na ngeli, na kupimwa kwa maneno ambayo mwanafunzi hajawahi kuyaona. Maumbo yasiyofuata kanuni yaanze na yale yanayotumika kila siku, kama "children", "men", "women", "people", "feet" na "teeth". Usahihishaji utofautishe kosa la aliyezidisha kanuni na la asiye nayo. Jinsi ifundishwe kama matumizi ya viwakilishi katika matini, na jozi za nomino zihamishiwe katika msamiati.

Tafiti za uwandani zinahitajika ili kuyapima madai haya, na zinaweza kuyakanusha. Iwapo wanafunzi wa darasa la nne hadi la saba wanaozungumza Kiarusha, Kimeru na Kiswahili pekee watapewa majaribio ya maneno ya kubuni na ya viwakilishi, inatarajiwa kwamba makundi yote matatu yatakwama kwa namna inayofanana katika "he" na "she", na kwamba alama za orodha hazitakuwa na uhusiano mkubwa na ufahamu wa matini. Ikibainika vinginevyo, hoja kuu ya makala hii itapaswa kurekebishwa. Hadi hapo, mzigo wa uthibitisho unabaki kwa wanaoamini kwamba mtoto anayejua "vixen" yuko tayari zaidi kwa kidato cha kwanza kuliko anayejua ni nani "she" katika sentensi.